Midomo na Sauti ya Mama

Tangu asubuhi mchora katuni hakukaa kitini dakika tano mfululizo. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi. Kompyuta ilishamaliza kuchora picha elfu mbili mia nane na themanini, kila moja na faili lake. Kilichobaki ni kuziunga ziwe video moja ya dakika mbili. Mtu wa pembeni angesema kazi ndogo, lakini yeye roho ilikuwa juu juu, maana saa tano mama yake alikuwa anarudi kutoka hospitali.

Mama huyo majirani walimwita Redio, kwa jinsi alivyopenda kuongea. Wiki tatu nyuma madaktari walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaenda nao. Siku moja kabla ya upasuaji, bintiye alimrekodi akisimulia alivyotoroka shule kupitia dirisha la choo, akanasa kiunoni. Sauti hiyo ndiyo aliyoichorea katuni: msichana aliyenasa, midomo yake ikitamka maneno ya mama.

Akabonyeza. Video ikatoka, ikakatika katikati ya sentensi. Kupekua folda, akakuta picha ya 1,906 haifunguki. Programu ilifika hapo ikagoma. Ikabidi picha hiyo ichorwe upya, dakika nne nzima, naye anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikalia. Kaka yake.

"Dada, tumeshatoka. Uko tayari?"

"Pitieni duka la dawa kwanza."

"Tumeshapita."

"Basi endesha polepole!"

Video ya pili ilifika mwisho, ila msichana alifunga mdomo huku mama bado anaongea, karibu sekunde tano. Jasho likamtoka. Akadhani amekosea kuchora tangu mwanzo, wiki zote hizo bure. Kisha akaona: picha alizipangia ishirini na nne kwa kila sekunde, programu ikazipitisha ishirini na tano. Akasahihisha, akabonyeza tena. Gari liliposimama nje, kazi ilikuwa imefika asilimia tisini.

Mama aliingia amekonda, kitambaa shingoni, ubao mdogo wa kuandikia mkononi. Wakamketisha mbele ya skrini. Sauti yake ilipoanza, alishtuka, akajishika koo. Haikufika nusu, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Sasa umefanya nini?" kaka alinong'ona.

"Sijui."

Mara mbili mchora katuni aliinua mkono abishe hodi, mara mbili akaushusha. Akaenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akarudi. Alikuwa anajilaumu: mtu hata kidonda hakijapona, wewe unamwekea alichonyang'anywa.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa na macho mekundu. Akaandika: "Kumbe nilikuwa naongea mbio hivyo! Mlinivumiliaje?"

Kaka akaangua kicheko. Mama akafuta ubao kwa kiganja, akaandika tena: "Rudisha mwanzo."

Safari hii alitazama yote, midomo yake ikienda sambamba na ya msichana, neno kwa neno. Bintiye alikaa kando yake sakafuni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuinuka.