Siku Tano Mbele ya Friji la Marcy

Enid Ollerton alikuwa na njaa, na njaa yenyewe alijitakia. Ilikuwa siku ya tano tangu afike Toledo, jimbo la Ohio, nyumbani kwa mwanawe Nigel aliyehamia Marekani miaka ishirini iliyopita, na mpaka saa saba hiyo ya mchana alikuwa amekula biskuti mbili tu, tena alizozitoa kwenye mkoba wake mwenyewe. Alisimama dirishani. Akaondoka dirishani, akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akarudi dirishani.

Friji lilikuwa pale pale, la milango miwili, limejaa mpaka juu. Marcy, mke wa Nigel, alimwonyesha tangu siku ya kwanza. "Mama, hapa ni kwako. Ukisikia njaa fungua, chukua chochote, usiniulize." Kisha akaenda zake kazini, kwenye zahanati ya meno, na kila siku akaenda zake hivyo hivyo kwa moyo mweupe, akijua mgeni hana shida. Nigel naye alikuwa safarini na lori lake la mizigo.

Kwao Enid, Burnley kule Uingereza, maneno kama ya Marcy ni salamu tu. Mgeni hafungui friji la watu hata aambiwe mara kumi. Hukaa akangoja mwenye nyumba aje na sahani, na sahani ikija husema hapana, asante, usijisumbue. Mwenyeji anajua kuwa hiyo hapana si hapana. Atasema kula bwana, japo kidogo. Hapo mgeni atasema haya basi, kidogo tu, na atakula mpaka makombo. Watoto kule wanayajua haya kabla hawajajua kufunga viatu.

Lakini Marcy alizaliwa Ohio, na Ohio ukisema hapana umesema. Jioni ya kwanza alimwuliza, "Nikuongezee viazi, Mama?" Enid akajibu, "Aa, nimetosheka, kipenzi." Bakuli likapita mbele ya macho yake, likafunikwa, likaingia frijini, na Enid akalisindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Kesho yake Marcy alimpashia maji kikombeni, ndani ya maikrowevu, akatumbukiza kifuko cha chai na kumletea hivyo, bila tone la maziwa. Enid akasema chai nzuri mno. Basi ikawa ndiyo chai yake kila asubuhi, na mwenye kulaumiwa hapo simjui kama si yeye. Watu hawa lugha yao ni moja, na bado wanaweza kuuana kwa heshima wakiwa meza moja. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Hata hivyo, kilichomnyima utulivu zaidi hakikuwa tumbo. Mwezi Januari alianguka kwenye ngazi za nyumba yake, akalala pale chini tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, ndipo jirani yake Beryl alipomkuta. Tangu siku hiyo aliiogopa nyumba aliyoishi miaka arobaini. Watu aliwaambia anakuja Toledo kutembea wiki mbili. Moyoni alitaka jambo moja: waseme, baki. Kuomba asingeomba. Alingoja aulizwe, na kungoja huko ndiko kulikomzungusha jikoni kutwa nzima.

Simu ikalia. Alikuwa Beryl.

"Umekula?"

"Nimekula biskuti."

"Mungu wangu! Na friji?"

"Friji si langu, Beryl."

"Si amekwambia ufungue?"

"Amesema kwa adabu tu."

"We mama, Wamarekani hawana adabu za namna hiyo! Wakisema fungua, fungua. Utarudishwa huku ndani ya sanduku, na mimi gauni jeusi halinienei tena."

Enid akacheka mpaka akashika meza. Beryl akashusha sauti. "Na lile jambo? Wamekuuliza?"

"Bado."

"Si uwaulize wewe?"

"Siwezi. Nikiomba, watanichukua kwa huruma."

Jioni Marcy alipika kuku, maharage mabichi na viazi vya kuponda. Akakatakata nyama yake yote kwanza, akaweka kisu kando, akahamishia uma mkono wa kulia kama wafanyavyo kwao. Lakini hakula.

"Mama, nina neno. Nigel alitaka tumngoje arudi Alhamisi, ila mimi neno halikai kifuani. Tumezungumza kwenye simu. Tunakuomba ubaki. Usirudi tena. Chumba kile kiwe chako, na bafu tutakujengea hapo hapo chini."

Moyo wa Enid uliruka. Na mdomo, kabla moyo haujatua, ukasema wenyewe: "Jamani, hapana. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Marcy akaweka uma chini. "Sawa," alisema taratibu. "Nilimwambia Nigel, mama hapapendi. Hali chakula. Hagusi kitu. Kila nikirudi namkuta dirishani. Nikadhani ni mapishi yangu." Akasukuma kiti nyuma. "Basi, tumekuelewa. Hatutakuuliza tena."

Akakusanya sahani, akageuka kwenye sinki, akafungulia maji.

Enid akangoja. Burnley, sasa hivi lingekuja swali la pili. Maji yakamwagika, sahani zikagongana, Marcy akapenga kamasi, na swali halikuja. Ndipo alipoelewa kwa hofu kwamba halitakuja kamwe, kwamba mwanamke huyu atanyamaza mpaka uwanja wa ndege, kwa sababu anamheshimu. Mficha uchi hazai. Akaziona tena zile ngazi za nyumba yake.

"Marcy. Funga bomba."

Marcy akafunga, akageuka, mikono ikichuruzika.

"Niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Ulichoniuliza sasa hivi. Kwetu mtu hukataa mara ya kwanza, ndiyo adabu, ile ya kwanza haihesabiwi! Nimekataa viazi vyako siku tano, mwanangu, nimekaribia kufa njaa. Na nyumba yangu naiogopa. Naiogopa, Marcy."

"Siku tano, Mama?" Marcy alimkazia macho, nusu akitaka kulia, nusu akitaka kumpiga. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Haya. Unataka kubaki na sisi?"

Hata hapo Enid alilisikia lile neno la zamani likipanda kooni. Akalimeza.

"Nataka," alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Haya ikamwaka usoni. Akasema mara ya pili, bila kuulizwa: "Nataka."