Zamu ya Shuimu

Tangu ndege itue kisiwani Kinmen, Hong Lizhu alikuwa hatulii. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena bila kujua anatafuta nini. Upepo wa Novemba ulishaanza fujo zake, na mdogo wake Guohui, aliyekuja kumpokea akiwa na kizibao cha kampeni cha rangi ya machungwa, hata salamu hakuimaliza.

"Dada, leo Baba lazima aseme mkutanoni," alisema akiwasha gari. "Maneno machache tu. Lu Wenbin akiupata ukuu wa wilaya, kazi yangu ya wilayani inabaki. Akiukosa kwa sababu ya Baba, ujue mimi na wanangu tunahamia kwako Taipei."

"Kwangu chumba kimoja."

"Basi nisaidie kumshika Baba."

Hayo maneno machache Guohui alikuwa ameyatunga mwenyewe. Kwamba ile miezi kisiwa kilipopigwa mizinga kutoka bara, mwaka hamsini na nane, mwenyekiti wa kijiji, babu yake Lu Wenbin, aliwapenda vijana wa mgambo kama wanawe wa kuzaa. Na kwamba Shuimu, kaka yake Baba, alipouawa ufukweni akipakua shehena ya jeshi, mwenyekiti alimbeba mikononi mwake mpaka nyumbani. Hapo watu wangetoa vitambaa wakajifuta macho, Lu angemkumbatia mzee, na mambo yangekuwa yamekwisha.

Baba yao, Mzee Hong Shuigen, alikaa kiti cha nyuma, amepakata mfuko wa kashata za karanga na chupa ya pombe ya mtama.

"Alimbeba kweli," alisema.

"Umesikia, Dada?"

"Nimesema alimbeba. Mengine sijasema."

Hayo mengine Lizhu aliyajua. Nyumbani kwao yalisemwa kwa kunong'ona, sufuria zikigongwagongwa makusudi ili jirani asisikie. Zamu ya kwenda ufukweni siku ile ilikuwa ya mtoto wa mwenyekiti. Shuimu alikuwa ndiyo kwanza amerudi, hata viatu hajavua, mwenyekiti akaja mlangoni akamtoa tena. Mtoto wa mwenyekiti akabaki kitandani, akakua, akaoa, akamzaa Lu Wenbin. Ndiye huyo leo anayetabasamu kwenye bango la kila nguzo ya umeme.

Kabla ya mkutano walipitia mnara wa kumbukumbu ya mgambo, kwa kuwa Guohui alitaka picha. Mzee alimimina pombe chini, akawasha sigara akaiegemeza kwenye jiwe, kisha akapapasa jina la kaka yake kwa kidole gumba. Guohui alikuwa anazunguka na simu, "Baba, geukia huku kidogo, jua linakupiga vibaya."

Mzee hakugeuka. Alitoa mfukoni vile vipande viwili vya mwanzi vya kumuulizia marehemu, vimechongwa kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine mgongo. Akapiga magoti.

"Kaka, wanataka nimsifu mwenyekiti. Nimsifu?"

Akavirusha. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, marehemu amekubali. Vililala mgongo vyote viwili. Akarusha tena, vilevile. Mara ya tatu Guohui aliacha kupiga picha.

"Upepo huo, Baba. Unavipindua."

"Kaka yako mwenyewe akikukatalia utasema upepo?"

Lizhu alimwinua baba yake. Alimtakia mdogo wake kazi yake. Alimtakia baba yake asife na uongo mdomoni. Alitafuta namna ya kuyapata yote mawili, na njia nzima hakuiona. Aliteremsha kioo cha gari, akakipandisha, mpaka Guohui akamwambia, "Dada, kiache hicho kioo, kinaharibika."

Uwanja wa mbele ya hekalu ulikuwa umejaa. Ngoma, honi, akina mama wanagawa supu ya tambi na chaza. Lu Wenbin alimpokea mzee kwa mikono miwili, akamwita mzee wetu, akampandisha jukwaani polepole. Mtu mwenye adabu kweli, na hilo ndilo lililomkera Lizhu zaidi. Angekuwa mshenzi, kazi ingekuwa rahisi.

Mzee alipewa kipaza sauti. "Mwenyekiti Lu alimbeba kaka yangu mikononi mwake mpaka nyumbani," alisema. Watu wakapiga makofi, honi zikalia, na Guohui, aliyesimama chini ya jukwaa, akashusha pumzi.

"Lakini zamu haikuwa yake," mzee aliendelea. "Ilikuwa ya baba yako, Wenbin."

Honi zilikoma moja moja. Mzee alitoa vile vipande mfukoni. "Leo kaka amenikatalia mara tatu nisimsifu babu yako. Mimi nimeshindwa naye. Hebu muombe wewe."

Lu alicheka ndani ya kipaza sauti, kicheko hakikupata wenzake. "Mzee wetu amechoka jamani."

"Dada, mshushe," Guohui alisema, uso umempauka. "Nakuomba. Mshushe."

Lizhu akapanda. Alifika, akaona kipaza sauti kinamgonga baba yake meno. Lu akamwinamia. "Dada, tafadhali, mwondoe."

Alikuwa amepanda kumwondoa, hilo ni kweli. Badala yake alikishika kipaza sauti, akamshikia baba yake.

"Watu hurusha wakiwa wamepiga magoti," alimwambia Lu.

Lu alitazama uwanja mzima. Hapo mtu wa kisiwa hawezi kukataa, mbele ya hekalu, mbele ya mama zake. Akapiga magoti na suti yake, akanong'ona, akarusha.

Kimoja kilitulia juu ya mbao, mgongo. Cha pili kiliruka ukingoni mwa jukwaa kikaanguka chini, miguuni mwa watu. Watu wakarudi nyuma haraka wasije wakakikanyaga, akabaki mmoja tu aliyesimama juu yake, Guohui.

Akisema bapa, marehemu amekubali, na kazi yake imepona. Kilikuwa kimelala kati ya viatu vyake. Angeweza kukiokota tu akatangaza alichotaka, nani angembishia. Lizhu alimwona akiinama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Guohui," mzee aliita. "Kimelalaje?"

Guohui aliinua uso. Hakumtazama Lu, alimtazama baba yake.

"Mgongo," alisema. Kisha akapanua mikono, akawazuia watu wasikisogelee.