Viti vya Penby

Tolcroft Town walipotwaa ubingwa mwezi wa Aprili, Hazel Ormerod hakulia. Alilia mwezi wa Julai, asubuhi ya Jumatatu, alipofungua geti la uwanja akakuta viti vyote vya jukwaa vimegeuka kuwa vya buluu.

Kwa timu ndogo kama yetu, ambayo beki wa kulia ni fundi bomba na winga anafundisha watoto kuogelea, ubingwa peke yake hautoshi. Ligi ya juu haimpokei mtu mpaka mkaguzi aje aukague uwanja. Na ligi ile inataka jukwaa lenye paa na viti, kila mtu na kiti chake, si mabenchi ya mbao kama yale yetu yaliyochana suruali za babu, baba na mjukuu. Julai ikiisha bila viti, nafasi yetu wanapewa walioshika namba mbili, nasi tunabaki palepale tulipozoeleka.

Hazel ndiye katibu wa klabu, na kwetu katibu maana yake ni kila kitu. Anafua jezi, anaoka pai za nyama, anawapigia simu waamuzi, anamkumbusha golikipa kwamba leo kuna mechi. Hakuolewa. Akiulizwa husema ameolewa na wanaume kumi na mmoja na wa akiba, na wote hawajui kukunja soksi zao. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja jambo moja tu, kuiona Tolcroft inapanda, na sasa ilikuwa imebaki kimo cha kiti.

Viti vilipatikana, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Penby United, majirani zetu wa ng'ambo ya kilima, walikuwa wamejenga jukwaa jipya, na viti vyao vya zamani vilikuwa vizima kabisa, vya plastiki ngumu. Walitupa bure. Ila vilikuwa vya rangi ya machungwa, rangi ya Penby, rangi ambayo mtu wa Tolcroft haivai hata kwenye soksi. Na aliyevitoa alikuwa katibu wa Penby, Clive Ormerod, mdogo wake Hazel, tumbo moja, baba mmoja.

Clive alikuwa mtu wa Tolcroft toka utotoni. Siku moja, kwenye mkutano, alisimama akasema mabenchi yameoza, uwanja umechoka, na tukiendelea kujisifia hatutapanda hata dunia igeuke. Hazel alijibu mbele ya watu wote kwamba anayeutukana uwanja huu si mtu wetu. Clive akavaa koti lake, akatoka, na kabla msimu haujaisha alikuwa Penby. Tangu siku hiyo Hazel alimwita mdogo wake "Clive Ormerod", jina na ukoo, kama anavyoitwa mtu wa benki. Kwetu huku ndugu haitwi hivyo. Ndugu ni Clive wetu, Hazel wetu, hata kama umemkasirikia, hata kama yuko jela. Ukimwondolea ndugu yako hilo neno, mji mzima unajua umemfukuza.

Kwa hiyo viti vilipoletwa, aliyeshukuru ni mwenyekiti, Bwana Rodney Haslam. Hazel alisema atavipokea lakini hatoi asante. Vikafungwa jukwaani Jumamosi, na Jumapili Hazel akaenda kumtembelea shangazi yake. Aliporudi Jumatatu akakuta buluu tupu, safu kwa safu, inang'aa, na Wilf Duckworth amesimama katikati na brashi mkononi.

Wilf ndiye mtunza nyasi wetu. Ni mzee mkaidi kupindukia, na nyasi zake huwezi kuzikanyaga bila kuulizwa unakwenda wapi.

"Tulikuja jana, vijana na mimi," akasema. "Tulitaka iwe siri. Usiseme sijakufanyia kitu."

"Wilf, umepaka vyote?"

"Vyote. Makalio ya mtu wa Tolcroft hayagusi rangi ile nikiwa hai."

Hazel akakaa kwenye ngazi ya saruji akalia kama mtoto, kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kama rangi ya mafuta inashika kwenye plastiki, hata yeye. Tuliona buluu yetu chini ya paa letu, na macho yaliposhiba, akili ikaenda kulala.

Jumanne jioni kulikuwa na joto ambalo si la kawaida huku kwetu. Wachezaji wakafanya mazoezi, na kocha Jarvis, aliyekuwa amevaa kaptula nyeupe, akakaa jukwaani kuwaangalia. Alipotaka kunyanyuka amwite golikipa, kiti kilimng'ang'ania. Akajivuta. Kikamwachia kwa sauti ya kubanduka, na alipogeuka, timu nzima ikaona duara mbili za buluu nyuma yake.

Wachezaji walicheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Hazel hakucheka. Alishuka akagusa kiti, kidole kikatoka na buluu, akagusa cha pili, na cha tatu. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

Wakakusanyika mbele ya kibanda cha chai, wanakamati na wachezaji na wapita njia wawili waliovutiwa na kelele.

"Itakauka," Wilf akasema. "Niliigusa mwenyewe jana, ilikuwa kavu."

"Uliigusa kukiwa na baridi," Jarvis akasema. "Angalia kaptula yangu. Mke wangu atauliza nimekalia nini."

"Mwambie umekalia ubingwa," Wilf akamjibu.

"Inabidi itoke," Hazel akasema. "Yote. Turudi kwenye machungwa."

Wilf akavua kofia, jambo ambalo hulifanya msibani tu. "Hazel, mama, mimi nimezikata nyasi hizi tangu una mikia miwili ya nywele kichwani. Afadhali tubaki chini tukiwa na buluu yetu kuliko kupanda tumekalia Penby."

Wengine wakaguna kumuunga mkono, na Hazel akaona kwamba kama hatasema neno, jambo lenyewe litaishia hapo hapo, kwenye kofia ya Wilf.

"Wilf, unanisikia vizuri? Mimi nimefua buluu hii mpaka mikono yangu ikabadilika rangi. Hakuna mtu atakayenifundisha kuipenda. Lakini wale vijana walishinda ligi kwenye matope ya Februari, na mimi sitawaambia hawapandi kwa sababu mimi na wewe tunaona haya kwa ajili ya kiti. Anayetaka kubaki chini abaki. Mimi naenda kuchemsha maji."

Akaenda kweli. Aliporudi na ndoo na brashi ya sakafu, alipiga magoti safu ya mbele akaanza kusugua. Golikipa alikuwa wa kwanza kumfuata, na safari hii hakuhitaji kukumbushwa. Wakaja wengine. Wilf alikuja mwisho kabisa, anasonya, na kisu cha kukwangulia.

Ila rangi ile ilikuwa mbishi. Pale jua lilipopiga ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, lakini kwenye mikunjo na misumari iliganda. Jua la Julai huchelewa sana kuzama huku kwetu, na lilipokaribia kilima walikuwa hawajamaliza hata safu ya pili. Hazel akapiga hesabu kichwani, akajua watu hawatoshi, dawa ya kuondolea rangi haitoshi, na kwamba yuko mtu mmoja tu mwenye vyote viwili. Akaingia kibandani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Penby United," sauti ikasema.

"Hazel hapa."

"Hazel yupi?"

"Usinichokoze, Clive."

"Nauliza tu. Yupo mmoja wa jina hilo aliniambia mimi si mtu wake."

Hazel akaitazama birika. "Tumevipaka rangi viti vyako."

"Mmefanya nini?"

"Buluu. Rangi ya mafuta. Vinashika makalio ya watu na mkaguzi anakuja keshokutwa."

Clive akaanza kucheka. Alicheka kwa muda mrefu, kicheko kile kile cha baba yao, na Hazel akajikuta amekaza meno ili naye asicheke. "Usiniambie nani alipaka," Clive akasema. "Ni Wilf. Mliviosha kwanza? Mliuliza mtu yeyote?"

"Tungekuwa watu wa kuuliza nisingekuwa nakupigia simu."

"Haya. Unataka nini?"

Hapo ndipo Hazel alipoona kwamba kuomba dawa na brashi ilikuwa sehemu rahisi. "Nataka watu wako," akasema. "Na dawa. Na ulisema kweli siku ile. Mabenchi yalikuwa yameoza. Ulisema kweli na mimi nikakufukuza kwa sababu ulisema mbele ya watu. Niliona aibu, nikaigeuza hasira. Njoo unisaidie, Clive wetu."

Kisha Clive akakohoa. "Kesho jioni birika liwe limechemka," akasema.

Jumatano jioni wakaja. Geti lilifunguka wakaingia watu wa Penby, wengine wamevaa fulana zao za machungwa makusudi, wamebeba madebe na brashi za waya, na mbele yao Clive, amenenepa kidogo, amepungua nywele. Yeye na dada yake hawakukumbatiana, sisi si watu wa namna hiyo. Hazel alimpa kikombe cha chai, akawa ametia vijiko viwili vya sukari bila kuuliza, na Clive akainywa yote amesimama.

"Futeni viatu," Wilf akawaambia Wapenby. "Na msikanyage nyasi."

"Tumekuja kuwaokoa, babu, na unatuamrisha?"

"Okoeni kwa kupitia pembeni."

Wakasugua pamoja, safu moja Tolcroft, safu moja Penby, na matusi yakipita juu kwa juu. Wilf aliwekwa jirani na jamaa mmoja wa Penby, kinyozi, ambaye alimuuliza kila baada ya muda makalio yake yanajisikiaje karibu na machungwa. Wilf alijibu kwamba yanajisikia yako ugenini. Hazel alizunguka na pai, na kila alipopita alihesabu nyuso badala ya viti, kwa sababu hakuwahi kuona watu wengi hivyo uwanjani siku isiyo ya mechi.

Kinyozi akanyoosha mgongo akamwita Clive. "Katibu, hebu nieleweshe. Hawa wakipanda wanaingia ligi yetu. Tunasugua ili waje watufunge?"

"Tunasugua ili waje tuwafunge," Clive akasema bila kuinua kichwa. "Raha ya kufunga ni kumfunga unayemjua. Sugua."

Hazel alisikia. Alikuwa na sinia la pai mkononi, na alijivunia mdogo wake pale pale, hadharani, kwa uso wake wote. Hakujali nani anamwona.

Alhamisi asubuhi mkaguzi akafika, Bwana Tranter, mwembamba, mpole, amevaa suruali ya rangi ya maziwa. Tulipoiona ile suruali tulitazamana. Alipima upana wa geti. Alifungua mabomba ya choo moja moja. Alitembea kuzunguka uwanja wote, akazisifu nyasi, na Wilf akatazama pembeni ili asionekane amefurahi. Hatimaye akapanda jukwaani, akachagua kiti cha katikati, akakaa. Akaandika. Akahamia kingine. Akakaa hapo muda mrefu zaidi, jua likimpiga mapajani.

Aliponyanyuka, kamati nzima ilikuwa imejipanga nyuma yake kama watu wanaomsindikiza, na kamati nzima ikatazama sehemu moja. Maziwa matupu. Jarvis akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia.

"Viti vizuri," Bwana Tranter akasema. "Lakini ninyi si watu wa buluu? Hivi vimetoka wapi?"

Mwenyekiti Rodney akafungua mdomo, Wilf akamkanyaga mguu, na wote wakamwachia Hazel.

"Penby," Hazel akasema. "Mdogo wangu ndiye katibu wao. Alitupa viti, na jana walikuja kutusaidia kuvisafisha."

"Mnajua kwamba mkipanda mtacheza nao?"

"Tunajua. Na wao wanajua."

Bwana Tranter akamtazama, akavitazama viti, akafunga kalamu yake. "Mimi nimekagua viwanja vingi," akasema, "na sioni kitu hapa cha kuwazuia. Karibuni juu."

Wilf alikaa. Hakuchagua kiti, alijikuta tu amekaa kwenye machungwa, kofia mapajani, na hakunyanyuka.

Hazel akawaacha wanapeana mikono, akaingia kibandani, akapiga simu ng'ambo ya kilima. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Tumepita," akasema.

"Najua. Namsikia Wilf mpaka huku."

"Wilf hawezi hata kusema. Clive wetu, sisi ni watu wa ligi ya juu." Ilibidi aseme tena, ili ajisikie anasema. "Sisi ni watu wa ligi ya juu. Mkija msimu huu, ukae jukwaani, usisimame kwenye mvua."

"Kwenye viti vyetu?"

"Vyetu," Hazel akasema. "Wewe utakuwa mgeni. Lakini utakaa."