Sakafu ya Mninga

"Kanyaga hapo hapo, Ida! Sasa rudi nyuma kidogo."

Nahumu alikuwa amelala chali chini ya nyumba, juu ya gunia kuukuu alilolikuta humo humo, taa ya chemli kando ya sikio na kabari ya mti mkavu kati ya meno. Karibu na pua yake zilipita mbao za sakafu ya marehemu baba mkwe wake. Nyumba ilikaa kwenye mteremko, juu ya nguzo za mawe, hivyo upande wa bondeni mtu mzima aliweza kupenya kwa tumbo mpaka chini ya sebule.

Ubao ukalia, kiii, kama mtoto wa mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Ndiye huyo. Mkanyage tena."

Alichomeka kabari kwenye mwanya kati ya boriti na ubao, akaigonga kwa upole kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ubao ukanyamaza. Kabari haipigwi kwa hasira. Ukiizidishia inaunyanyua ubao, na ubao ulionyanyuliwa huenda kulia mahali pengine, fundi akabaki kuufukuza mlio nyumba nzima kama anayefukuza panya. Nahumu hakuwa mtu wa kufukuza panya. Huko kwake Makambako alikuwa ametuliza milango, vitanda na madawati ya kanisa, na mikono yake ilijua kungoja.

Sakafu hii ilitandikwa na baba mkwe huyo, Abrahamu, mume wa Mama Esteria. Kazi alijifunza Njombe, walipokuwa wakijenga nyumba ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, pale bomani. Mbao za mninga alizipata Makambako, chache kila safari, na ilichukua miaka kabla ya kutosha chumba. Kwa boriti alitumia milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani, tena mibichi. Ilipokauka ikanywea, ikaachana na mbao. Nahumu hakumlaumu. Mtu hujenga kwa mti alio nao.

Aliyechoka na milio hiyo alikuwa Filemoni, shemeji yake, kaka wa mkewe Ida. Magunia ya simenti yalikwisha kuingia stoo, na mwashi kutoka Lugarawa angefika kesho jioni.

"Shemeji," Filemoni alimwambia asubuhi ile, "ubao wa dirishani unabonyea. Mama akivunjika mguu nitamwambia nini Mungu? Ukiinyamazisha kabla mwashi hajafika, simenti itakwenda zizini. Isiponyamaza, naing'oa."

Hakuwa mtu mbaya. Alimwogopea mama yake. Lakini Ida alimnong'oneza mumewe kwamba tangu simenti iingie ndani, mama hali vizuri, na mchana hukaa sebuleni peke yake, kiganja kikiwa juu ya ubao.

Ghafla nje mtu akaita kwa sauti ya juu: "Ida! Kimbia, Fidelia wa jirani ameshikwa na uchungu wa kuzaa!" Miguu ya Ida ikapita juu yake mbio, ikatoka mlangoni, ikapotea.

Nahumu akangoja. Mkononi alikuwa na kabari nyingine tayari, lakini kabari bila mtu wa kukanyaga ni kijiti tu. Utamjuaje ubao anayelia kama hakuna anayemliza?

Kisha akasikia hatua. Zilikuwa nzito, za taratibu, zenye kuvuta kidogo mguu wa kushoto. Nahumu akafumba macho na kujifunika kofia usoni.

Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawaangaliani, wala hawasemeshani. Chakula kikipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hupita mkononi mwa mtu wa tatu. Tangu amwoe Ida, Nahumu alimjua Mama Esteria kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta. Leo alikuwa amesimama juu ya pua yake.

"Paka," ilisema sauti kule juu. "Mwambie fundi Ida amekwenda kwa Fidelia, na mimba ya kwanza haina haraka. Kama fundi anataka mtu wa kukanyaga, mimi miguu bado ninayo."

Paka alikuwa amejikunja juu ya tumbo la Nahumu, akiota joto la taa. Alifumbua jicho moja, akalifumba.

Nahumu akakohoa kwa adabu. Na yeye jibu angelipitisha kwa nani?

"Boriti," alisema, akiigusa iliyo karibu naye, "nashukuru. Mtu akianzia dirishani, akaja taratibu kuelekea mlangoni, kazi itakwenda."

"Paka, mwambie amesikika."

Wakaanza. Mama mkwe alikanyaga, ubao ukalia, Nahumu akaupata kwa kidole, akaupa kabari yake. Pale ubao ulipobonyea alipigilia kipande cha mti ubavuni mwa boriti ili uwe na pa kuegemea. Mama Esteria alikanyaga vizuri kuliko bintiye. Hakurukaruka. Aliweka uzito, akasubiri, akauondoa.

"Paka, mwambie fundi hapa kuna mwingine. Huyu ana sauti ya shemasi anayeongoza wimbo asioujua."

Nahumu aliuma mdomo asicheke, na vumbi likamwingia mdomoni. Akalitema. Vumbi gani hili? Akaondoa kofia na kusogeza taa. Kila ubao ulikuwa na ulimi unaoingia katika mfereji wa mwenzake, na mle ndani, kwenye kila kiungo, kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Ubao ulipokanyagwa, ulimi ulisaga udongo. Kumbe nusu ya milio haikutoka kwenye boriti hata kidogo.

Aliujua udongo ule. Ndio ambao wanawake husiribia nyumba. Ida alikuwa akijisifu kwamba katika kijiji kizima hakuna sakafu nyekundu kama ya mama yake: kila Jumamosi Mama Esteria aliuchanganya na maji, akausugua juu ya mninga kwa tambara mpaka ung'ae, vile vile mama yake mzazi alivyomfundisha utotoni kwenye sakafu ya udongo.

Nahumu akalaza nyundo kifuani. Angeweza kunyamaza. Angemaliza kabari zake, mwashi angerudi Lugarawa, wote wangefurahi. Halafu Jumamosi ingefika, na nyingine, sakafu ingelia tena, na Filemoni angefungua simenti. Lakini kumwambia mama mkwe kwamba ameiharibu kwa mkono wake sakafu aliyoachiwa na mumewe! Hata ukilipitisha kwa boriti, neno hilo ni zito.

Alinyoosha mkono kushika ubavu wa boriti, na kidole kikakuta chuma. Msumari mrefu uliofuliwa ncha ikawa bapa kama patasi, umechomekwa pale kwa makusudi, mpini umezungushiwa kitambaa. Akatazama tena juu, kwa makini. Viungo vya mbali vilikuwa vimekwanguliwa zamani, safi, kisha udongo mpya ukaingia juu yake. Chini ya mgongo wake lilikuwepo gunia.

"Boriti," alisema polepole, "wewe ulikuwepo. Udongo mwekundu umeingia kwenye viungo na ndio unaolia. Mbao za mninga zinapenda nta, hazipendi udongo. Na baba aliyezitandika alijua. Alikuwa akiingia humu, akilala juu ya gunia hili, akiutoa kwa msumari. Msumari wake ninao mkononi."

Juu, magoti mawili yalitua mbaoni taratibu. 

"Paka," ilikuja sauti, chini kuliko kwanza. "Mwulize fundi kama ana hakika."

"Boriti, ninayo hakika. Viungo vimekwanguliwa mara nyingi."

Kiganja kikapapasa ubao. Kisha Mama Esteria akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, mpaka mbao zikatikisika.

"Mayai!" alisema. "Kila Jumapili baada ya ibada, 'Mama Filemoni, naingia chini ya nyumba kutafuta mayai ya kuku.' Hakuleta hata yai moja! Mimi nikasema, mume wangu hana macho." Kicheko kikakatika. Akajipangusa pua. "Paka, mwambie fundi aendelee. Miguu haijachoka."

Filemoni alirudi jua likiwa limegusa miti ya miwati ya ng'ambo. Alimkuta Nahumu nje, mwekundu kutoka nywele hadi viatu, akamsalimu.

"Kamwene, shemeji. Umefufuka?"

"Kamwene. Ingia utembee."

Filemoni alitembea. Kutoka dirishani mpaka katikati ya chumba sakafu ilikuwa kimya kama mwamba. Aliruka juu ya ubao uliokuwa ukibonyea, haukubonyea. Akaenda mbele zaidi. Kiii.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya leo. Ile nyingine ya kesho."

"Mwashi anafika jioni, shemeji."

"Atakunywa chai akiwa amesimama juu yake."

Filemoni akamtazama kidogo, akaguna. "Na Ida yuko kwa Fidelia tangu adhuhuri. Nani alikukanyagia?"

"Paka," alisema Nahumu.

"Na amechoka, mpishieni viazi!" sauti ilipazwa kutoka jikoni, nyuma ya ukuta.

Kupitia upenyo wa ua Nahumu aliona mkono ukimwaga chungu cha udongo mwekundu kwenye shina la mfyulisi, kisha ukakisugua chungu kwa majivu. Baadaye kidogo harufu ya nta ya nyuki inayoyeyushwa ikaanza kutoka jikoni. Hakuna aliyemwagiza.

Alirudi kwa tumbo chini ya nyumba kuchukua taa. Akalitandaza gunia upande wa mlangoni, akapanga kabari zake juu yake, na ule msumari akauchomeka ubavuni mwa boriti, pale pale alipoukuta.