Miayo ya Mzee Taratibu

Katika miaka ishirini na sita ya kuendesha lori, Mzee Taratibu hakuwahi kukwaruza hata kioo cha mtu. Jina hilo alipewa na madereva wenzake waliochoka kumpita njiani. Kampuni ilipofunga kamera ndani ya magari yote, zile zenye akili ya kumtambua dereva anayesinzia au anayechezea simu, wenzake walilalama mpaka mate yakawakauka. Yeye alicheka tu. Alikuwa na nini cha kuficha?

Basi siku moja jua la saa nane likampigisha mwayo mrefu. Kamera ikalia pi-pi-pi. Akaegesha kando, kama sheria inavyotaka, ndipo simu ikaita.

"Shikamoo, dereva. Hapa ni chumba cha kamera. Umechoka?"

"Marahaba, mwanangu. Kidogo."

"Umekula? Maji unayo? Nyoosha miguu robo saa, usikimbilie kufika."

Maswali ya karatasi hayo. Alimsikia kabisa binti anavyoyasoma. Lakini tangu mkewe azikwe, miaka miwili sasa, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Mama watoto alikuwa akimpigia kila kituo: umefika wapi, umekula nini, na usinidanganye. Watoto wenyewe hutuma ujumbe sikukuu hadi sikukuu. Mzee akashuka, akanyoosha miguu, akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Wiki iliyofuata akapiga mwayo wa pili. Huo, jamani, tusidanganyane, aliutengeneza mwenyewe. Alipanua kinywa mbele ya kamera mpaka taya likalia. Binti alipomuuliza kama amekula, akamsimulia chakula chote mpaka chumvi iliyozidi, na binti akacheka. Kicheko kile alisafiri nacho siku mbili.

Alijua fika kwamba onyo la tatu ndani ya mwezi mmoja humnyang'anya dereva usukani. Alijua, na bado siku ya ishirini na tisa akapanua kinywa. Utu uzima nao una wazimu wake!

Meneja akamwita. Binti wa kamera alikuwemo, mdogo kuliko sauti yake, anaonyesha video kwenye kompyuta.

"Mzee wangu, unasinzia," meneja akasema.

"Sisinzii."

"Sasa miayo yote hii ya nini? Niambie unaumwa, niambie kuna dawa unameza, niambie chochote nipate pa kukutetea."

Mzee akaikodolea macho kofia yake mapajani. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyoambiana. Haya, mwambie mwanamume wa miaka hamsini na nane avue mbele ya bosi aliye rika la mwanawe! Aseme nini? Kwamba alitaka kuulizwa kama amekula?

Binti akapeleka video mbele kidogo, akaisimamisha. Hapo Mzee Taratibu ameshaegesha. Amevua kofia, amejipangusa uso, anaweka kola sawa, na macho yako kwenye simu ambayo bado haijaita. Binti akageuka akamtazama. Alikuwa ameelewa, na Mzee akaona kwamba ameelewa.

"Meneja, huyu mzee hasinzii," binti akaanza. "Mimi naona alikuwa..."

"Nilikuwa nimechoka," Mzee akamkatiza. "Ni uzee, mwanangu. Tuyaache hayo."

Akaweka funguo za lori mezani, akatoka.

Siku ya tatu nyumbani, mchana, alikuwa amekaa sebuleni na sufuria jikoni haijaguswa tangu jana. Mwayo ukampata, mwayo wa kweli huu, wa njaa, ukamtoa na machozi. Kabla hajajua anafanya nini, mkono ulishapanda kuweka kola sawa. Akaichukua simu, akaiweka gotini, akangoja.