Kompyuta ya Kubebeka

…na mkwe wake bado amesimama mlangoni, ameikumbatia ile kompyuta ya marehemu mumewe mama, anauliza kwa adabu, mama, hii tuitupe au tuiache, na mama ameketi na kiatu mkononi, dude lenyewe ukubwa wa cherehani, kioo chake kama kiganja, na ubavuni pameandikwa YA KUBEBEKA, kubebeka na nani, mkurugenzi wa kampuni iliyoiunda aliipa jina hilo kwa sababu dereva aliitoa kwenye buti la gari akaifikisha mezani, basi, makofi, inabebeka, na aliyebeba hasa ni mumewe, muuzaji wao, ofisi hadi ofisi, ghorofa hadi ghorofa, lifti mbovu, tai shingoni, anaitua mbele ya karani, nyepesi hii, bibie, hata wewe utaibeba, bibie anajaribu, anacheka, anarudi kwenye taipureta yake… hakununua mtu, na jioni yeye mkewe anamkanda mgongo kwa maji ya moto, ni nzito, eh, hapana, mama watoto, nimelala vibaya tu, alilala vibaya mpaka akawa hainuki kitandani bila kushikwa mkono, kampuni ikafa, naye akafuata, na miaka yote hii laana zote kamlundikia mkurugenzi, mikono laini yule, hajawahi kubeba hata ndoo… lakini si aliuliza? Aliuliza, siku ile wake wa wauzaji walipoalikwa chai kazini, mafundi wamekaa na kalamu zao, jamani wauzaji, semeni kweli, uzito unawasumbua, tuupunguze, na mumewe, wa kwanza kusimama, kifua mbele, mzee, ukiwa mwanamume huusikii, wenzake wakacheka, mafundi wakafunika kalamu, naye mke alicheka pia, alimwonea fahari, mwongo yule, mwongo, kufa na tai shingoni ndiko huko, angesema neno moja tu, nzito, angekuwa hai leo anamkera hapa sebuleni…

“Ni nzito, baba?”

“Hapana, mama. Ya kawaida tu.”

Na mshipa umemtoka mkwe shingoni, na jikoni mkewe, binti yake mama, anachemsha maji, maskini hajui mgongo unaomsubiri kuukanda, hasira zikampanda mama, akavaa kiatu, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga upya, hamwambii mkwe aitue, atasimama hapo hapo mpaka aseme ni nzito.