Mikato Kwenye Mkanda wa Shemeji

Shemeji yangu alinitupia mkanda mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Shemeji, ngozi zako siku hizi ni za kuwauzia watu wasiokujua," akasema. "Na huu nao umeharibika."

Ulikuwa wa tatu tangu mvua zianze. Mimi ni fundi ngozi. Natengeneza viatu, mikoba, na mikanda ya kunolea kwa vinyozi wachache ambao bado wananyoa kwa wembe ule wa kukunja. Huyu kinyozi ni kaka mkubwa wa mume wangu, na wateja walimpachika jina la Unyoya kwa wepesi wa mkono wake. Angekuwa mtu mwingine kaitukana ngozi yangu hivyo, ningempa vidonge vyake papo hapo. Kwake nilimeza mate. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufariki, na ndiye aliyenifundisha mkanda mzuri ni upi.

Nikausogeza mkanda dirishani. Ngozi yake niliichagua mwenyewe: ya mgongoni, si ya tumboni, maana ya tumboni ukiivuta inalegea na wembe unazama. Niliikagua isiwe na alama za kupe wala za miiba, nikaipitisha shavuni nisikie kama kuna mahali panakwaruza, nikahakikisha unene ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ngozi haikuwa na kosa. Ila upande wa juu, karibu na pete ya kutundikia, kulikuwa na mikato midogo iliyojipinda kama kucha, mmoja juu ya mwingine.

Sikuhitaji mganga wa kunisomea mikato ile. Wembe ukinolewa hutanguliza mgongo, makali yakafuata nyuma. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza juu ya mgongo wake, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kumwamsha mwenzake. Ukiugeuza kwa makali, umekata ngozi. Ni kosa la mtu anayeshika wembe kwa mara ya kwanza, na Unyoya alianza kazi hiyo mimi bado nanyonya.

"Nani mwingine anautumia mkanda wako?" nikamuuliza.

"Nani autumie? Niko peke yangu pale."

"Basi shemeji, hii mikato..."

"Ngozi mbovu hiyo. Umeipaka mafuta mengi, imekuwa laini kama ulimi."

"Tone moja! Na nimelisugua kwa kiganja mpaka likaisha. Wewe unautundika, au unauviringisha na kuutupa kwenye droo?"

"Leo umekuwa mwalimu wangu?" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye viatu vilivyopangwa nyuma yangu. "Nitengenezee mwingine tu, shemeji. Usiwe na haraka."

Kwa hasira nikatoa kipande nilichokuwa nimekificha kwa ajili yangu, ngozi ambayo ukiulaza wembe juu yake inauvuta kidogo, si ya kuteleza tu. Nilitaka nione atasema nini safari hii.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Yeye ni seremala, mtu wa mizaha, nami nilisimulia nikicheka nikidhani atanisaidia kumsema kaka yake. Hakucheka. Aliendelea kufungua kamba za viatu.

"Mtengenezee wa ngozi ya soli," akasema. "Ile ngumu. Mikato isionekane."

Nikaikumbuka plasta aliyorudi nayo juzi, akasema mbao imemkwaruza. Nikaenda nikamshika kola nikaishusha. Chini ya taya kulikuwa na mstari uliokauka, na mwingine mbichi nyuma ya sikio, umebandikwa plasta.

"Ulisema ni mbao."

"Ni mbao."

"Mbao gani inakata chini ya taya? Ulikuwa unaibusu?"

Hapo akatoa yote. Wateja wa kaka yake walikuwa wamehama. Mmoja alitoka mle kinyozini akivuja damu sikioni, habari ikazagaa, na wengine wakavuka barabara kwa vijana wenye mashine za umeme. Mteja aliyebaki ni mume wangu peke yake. Mimi nikiambiwa anakwenda kununua misumari, kumbe anakwenda kukaa kwenye kile kiti, mtu mwenyewe ndevu zake za kubembeleza.

"Nisipokwenda atashinda anaangalia mlango," akasema. "Ile kazi ndiyo yeye, mama watoto. Ukimwambia aache, umemzika."

"Na akikukata mshipa, nitamzika nani?"

"Shingo ni yangu."

"Shingo ni yako, watoto ni wetu!"

Tulilala kila mtu kaelekea ukuta wake. Niliogopa, na woga wangu ulikuwa umechanganyika na hasira. Niliwaza siku watakayomleta mume wangu amefunikwa, na shemeji yangu anafuata nyuma akiwa hai, na sisi wote tulikuwa tunajua.

Kesho yake nikauchukua mkanda mpya nikaenda kinyozini. Ni chumba kimoja kati ya duka la vipuri vya baiskeli na fundi saa. Viti viwili vilikuwa vimefunikwa shuka. Kwenye cha tatu alikaa mume wangu, povu mpaka masikioni. Aliponiona kwenye kioo alifumba macho, akajifanya hamnazo.

"Karibu shemeji! Umemaliza mara hii?" Unyoya akasema. Furaha ya sauti yake haikufika usoni.

Nikautundika mkanda. Akaukaza kwa mkono wa kushoto, akaanza na upande wa turubai ulioshonwa nyuma ya ngozi, kisha akageuza upande wa ngozi. Wembe ukinolewa vizuri unatoa sauti moja, kwenda na kurudi. Wa kwake ulikwenda, ukakwama, ukarudi. Ukakwama tena. Nikaona kabisa makali yakiingia kwenye ngozi yangu mpya pale juu, naye akaendelea tu, kichwa kainua, kama hakuna lililotokea. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Shemeji," nikasema, "weka huo wembe chini."

"Nini tena? Hii ngozi..."

"Ngozi ni nzuri. Mkono wako ndio mbaya."

"Wewe, nyamaza!" mume wangu akafoka, povu likamrukia kifuani.

Unyoya aliurudia mkanda, akapitisha kidole juu ya mkato, huku na huku.

"Siusikii," akasema. "Naupapasa hapa, sisikii kitu. Vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Havitetemeki, ndiyo maana mtu haoni. Nikitaka kujua kama nimeshika wembe, mpaka niangalie."

"Na bado unamnyoa!"

"Nimfanyeje? Anakuja mwenyewe!" Sauti yake ilipanda mpaka fundi saa akachungulia. "Anakuja, anakaa, ananipa shingo. Nikadhani ndicho kitu pekee alichobakiza kupokea kwangu, nikimnyima nitamvunja moyo. Akiaga kwamba kesho atakuja, mimi silali. Mkanda ukikatika nafurahi, shemeji, nafurahi, kwa sababu napata la kumwambia, nenda nyumbani, wembe haujanolewa. Lakini wewe unatengeneza upesi mno."

Nilikuja pale nimejiandaa kugombana, na ugomvi wote ukaniishia.

Mume wangu alikuwa amefumbua macho. "Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili yako, kaka," akasema taratibu. "Usikae peke yako."

"Najua sasa."

Unyoya akaukunja wembe akauweka rafuni. Alisimama kidogo, mikono imening'inia, kama mgeni asiyejua akae wapi. Kisha akasema, "Ngoja nikufute, mdogo wangu. Huwezi kutoka na mapovu." Akaenda kwenye jiko la pembeni, sufuria ilikuwa inachemka, akatumbukiza mkono akatoa taulo, akalikamua vizuri, mvuke ukimzunguka usoni. Akalilaza juu ya uso wa mdogo wake na kulikandamiza kwa viganja vyote viwili, kwa upole uleule uliompa jina.

Mume wangu alizikamata mbao za kiti. Miguu yake ikanyanyuka sakafuni. Hakutoa sauti.

"Shemeji, taulo la moto hilo!" nikapiga kelele, nikamvuta mikono.

Akalitoa. Aliitazama mikono yake, imewiva kama nyanya, akaigeuza viganja juu, akaigeuza chini. Halafu akamwinamia mdogo wake.

"Nimekuunguza?"

"Hapana, kaka," mume wangu akasema. Mashavu yake yalikuwa mekundu na machozi yanashuka juu ya povu lililobaki. "Liko sawasawa kabisa."